Kompyuta Tuliyogawana Kwenye Matanga

Mdogo wangu Eliasi,

Mwakeye. Sijui huko uliko kunakucha au hakukuchi, lakini nimekuamkia, kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Kila asubuhi nilikuwa napita hapa kibandani kwako na kikapu kichwani, nasema mwakeye, halafu naweka na mengine mia juu yake, mpaka unaniambia, "Dada Leokadia, maharage yatakuotea kichwani."

Niko hapa hapa Kibondo, kibandani kwako pa kuchapia karatasi za watu, nimekalia lile stuli la wateja lenye mguu mmoja mfupi. Siandiki mimi. Unajua darasa langu liliishia la tatu, kalamu nikiishika nusu saa mkono unakufa ganzi. Anayeandika ni mke wako, wifi yangu Yustina. Mimi nasema, yeye anabonyeza. Na anachobonyeza ni kompyuta yako, Eliasi. Ile ile. Imerudi.

Ngoja kidogo. Nimeanza kulia hata sijafika popote. Wifi naye kasimama.

Haya, tunaendelea.

Mimi ndiye mteja wa kwanza tangu ulipoondoka. Nilimwambia Wifi, siku ukifungua kibanda asiingie mtu baki kwanza, nitaingia mimi, na kazi yangu ni barua. Akaniuliza, barua ya kwenda wapi? Nikamwambia kwa Eliasi. Akavuta kiti. Nimemletea kisado cha maharage ya njano, yale unayoyapenda. Uliyokuwa unayapenda. Sijazoea bado kusema hivyo.

Sasa nikuambie kilichonileta, maana nikianza kuzunguka sitafika. Kompyuta yako iliharibikia mdomoni mwangu. Mara mbili. Mara ya pili Wifi anaijua na ukoo mzima unaijua, ilikuwa mbele za watu. Mara ya kwanza hakuna anayeijua ila mimi.

Wifi kaniangalia. Anasema, "Mara mbili?" Nimemwambia andika tu, tutafika.

Nianze na ile ya pili, kwa sababu ndiyo nyepesi.

Ulizikwa vizuri. Watu walijaa mpaka kwenye migomba ya jirani, na kwaya iliimba mpaka sauti zikakauka. Ulianguka Jumanne, Ijumaa tukakuzika, hata sikupata nafasi ya kukuuliza unaumwa nini. Wakasema ni mshipa wa kichwa. Mimi hata sijui mshipa huo unakaa upande gani.

Siku ya kuondoa matanga wakatandika mkeka uani, wakatoa vitu vyako kama ilivyo kwetu, kila mtu wa ukoo aondoke na kitu kilichoshikwa na mkono wako. Koti la kijivu likapata mwenyewe, viatu vikapata mwenyewe, baiskeli ikabaki kwa Wifi pamoja na pampu yake. Mpaka hapo amani. Ikaja kompyuta.

Baba mdogo Filbati alikuwa ametoka Muyama na fimbo yake, amekaa katikati. Akasema kitu cha akili kama hicho kikae kwa mkubwa wa ukoo. Gervas, mtoto wa marehemu kaka yetu mkubwa, huyu anayekata tiketi za basi stendi ya Kasulu, naye akasimama. "Babu, utaifanyia nini? Utaipalilia?" Mzee akainua fimbo. Ikawa kelele. Matanga yakawa kama mnada. Na Wifi alikuwa ndani na akina mama, hakuna aliyeenda kumuuliza hata neno moja, na mimi pia sikwenda.

Mimi nilikuwa napita na pombe ya ndizi, nawamiminia watu. Na wewe unanijua. Mimi siwezi kukaa na huzuni siku nne, inanikaa kooni kama mfupa wa dagaa. Nikasema kwa sauti, "Jamani, mnagombea nini? Si ndio ile kompyuta inayofunguka yote? Gawaneni kama mbuzi! Huyu paja, huyu maini!"

Watu wakacheka, Eliasi. Wakacheka kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Nikisikia watu wanacheka mimi nanenepa. Nikaongeza, "Kioo mpeni Shukuru akatazamie tivii! Betri mpeni Mzee ajichaji!"

Kila mtu alicheka isipokuwa Baba mdogo. Yeye alinyoosha fimbo akasema, "Dada wa marehemu kasema." Akaagiza bisibisi.

Ile ndogo uliyopewa pamoja na kompyuta, yenye ncha ya nyota. Gervas akaifungua pale pale kwenye mkeka. Ugali ungekuwa jikoni usingeiva kabla hajamaliza. Misumari mitano ya chini, mfuniko ukanyanyuka wenyewe kwa sababu ya zile sumaku, na vitu vyote vya ndani vimeandikwa majina yake, na kwa mwandiko wako umeongezea plasta ndogo juu ya kila kipande. Kila kimoja kikatoka bila hata kulia. Hilo ndilo linaloniuma. Ingekuwa kompyuta kama za watu wengine, zilizofungwa kwa gundi, isingegawanyika. Wangegombana, wangechoka, ingebaki nzima kwa Wifi. Ilikatwakatwa kwa sababu ilikuwa nzuri.

Betri ikaenda kwa Baba mdogo. Vile vidude vinne vya pembeni, vile vinavyoingia ubavuni kama viberiti, cha chaji na cha flashi na cha printa na kile kingine, wakachukua watoto wake. Kioo na fremu yake ya rangi ya chungwa, Shukuru wa mama mkubwa, mwenye saluni Kasulu. Gervas akachukua ile wanaita ramu, kijiubao chembamba kama kitana, ambacho eti ndicho kinafanya kompyuta ikimbie. Wifi wakamletea ndani kiwiliwili, yale mabonyezo na ubao wake, wakasema mjane abaki na mwili.

Na mimi nikapewa bisibisi.

Nililalamika sokoni wiki mbili. Mimi, tumbo moja na wewe, niliyekubeba mgongoni, nipewe kibisibisi cha kuchokolea meno! Nilimwambia kila aliyekuja kununua maharage, na wasionunua pia.

Sasa Wifi alifunga kibanda. Alijaribu wiki ya kwanza, anafungua mlango, anakaa, mtu anakuja na karatasi zake za kuombea kazi, yeye anamwonyesha kiwiliwili. Baadaye akawa anapita mbele ya meza yangu sokoni na jembe begani, anakwenda kupalilia maharage ya watu. Ananisalimia vizuri. "Mwakeye, wifi." Angenitukana ningelala vizuri.

Kilichonishtua ni mizani. Siku moja mizani yangu ililegea, nikasema leo urithi wangu utafanya kazi. Nikatoa bisibisi yako. Haikuingia. Nikajaribu kwenye kitasa cha boksi, haikuingia. Nikajaribu kwenye redio ya jirani, mwiko wake wa kupikia nusura unipate. Ile ncha ya nyota haiingii kwenye kitu chochote ninachokijua. Inaingia sehemu moja tu duniani, na hiyo sehemu tulikuwa tumeigawana. Nikakaa nimeishika. Wateja wakadhani naumwa, maana nilikuwa sisemi.

Nikakumbuka siku ile nilipomwaga chai.

Unaikumbuka? Nilikuwa nakuhadithia habari za yule mama aliyekimbiwa na bwana harusi, mikono inaruka, kikombe kikaruka nacho. Chai ya maziwa, yote, juu ya mabonyezo. Nilipiga yowe mpaka watu wa duka la dawa wakaja. Wewe ukaizima, ukaigeuza, ukatoa bisibisi mfukoni, ukaifungua ukifuta taratibu. Ukasema, "Dada, tulia. Umemwagia kipande kimoja tu." Miezi mitatu ulichomeka mabonyezo ya pembeni, mpaka yule daktari wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, yule aliyekuachia hii kompyuta alipomaliza mkataba wake, akamtuma mtu na mabonyezo mapya kwenye begi lake la nguo. Vipande vyako vyote vilikuja hivyo, kwenye mabegi ya watu, katikati ya soksi. Ukaniita nije unionyeshe unavyoyaweka. "Dada, njoo ukae, ni dakika kumi." Nikakuambia kesho. Ukaniita siku ya betri. Kesho. Siku ya ramu. Kesho. Nilikuwa na muda wa bwana harusi aliyekimbia, dakika kumi zako sikuwa nazo.

Basi nikafunga meza, nikapanda gari.

Nilianzia mbali, Muyama, kwa Baba mdogo, maana wakubwa wakikukatalia unajua mapema. Nikamkuta anapanga ndizi za kuivisha. Betri yako ilikuwa juu ya kabati, imefungwa kwenye mfuko wa sukari, safi kabisa. Alitaka kuiunga na sola yake asikilize taarifa ya habari. "Ikakataa," akasema, kama mtu anayesema habari za posa. Nikamwambia, Baba, tumefanya ujinga, na ujinga wenyewe niliuanzisha mimi. Akasema kitu kilichogawiwa mbele ya ukoo hakirudishwi. Nikasema, sawa, basi nigawie tena, ugawe upya, mimi na wewe tu ndio ukoo leo. Akaushusha ule mfuko kutoka juu ya kabati. Akanipa, na akanipa ndizi mkungu mzima. Vidude vya pembeni vilipatikana vitatu kwa watoto wake. Cha nne kijana wake mkubwa alikuwa amekipeleka soko la Nyarugusu akidhani ni flashi.

Kasulu nikaingia saluni kwa Shukuru. Eliasi, nisamehe, nilicheka. Kioo chako amekitundika ukutani, wateja wanajitazama humo, wanatoka wote weusi kama wako pangoni, na ile fremu ya chungwa kaibandika kwa sumaku zake kwenye mlango wa chuma kama pambo. Nikamwambia, ndugu yangu, hii sio ya kujitazama, hii ni ya kutazamwa. Akasema anajua, ila aliona aibu kuirudisha, akasubiri mtu aje. Watu wengi walikuwa wanasubiri mtu aje. Ningejua ningekwenda wiki ya kwanza.

Gervas ndiye aliyekuwa mgumu. Ramu yako aliiweka kwenye kompyuta yake na ikakubali, sasa inakimbia, anaangalia mipira humo. "Shangazi," akasema, "nilipewa mbele za watu, na wewe ndiye uliyetoa wazo." Kweli.

Kwa hiyo nikakaa. Hapo hapo kwenye benchi ya abiria, mbele ya dirisha lake la tiketi, saa moja asubuhi. Na nikaanza kuhadithia abiria. Wa kwenda Kigoma nikawahadithia, wa kwenda Kibondo nikawahadithia. Mama mmoja alikuwa na kuku kwenye kikapu, nikamhadithia mpaka kuku akalala. Nilianzia ulipozaliwa. Sikumtaja Gervas kwa jina, nilisema tu "yuko hapa hapa, yuko dirishani." Abiria wakawa wanakata tiketi huku wanamtazama. Mzee mmoja akamuuliza, "Kijana, ni wewe?" Ilipofika saa nane akatoka, akaenda chumbani kwake, akarudi na ramu kwenye bahasha ya tiketi. "Chukua, Shangazi. Chukua na uende. Gari la Kibondo lile pale, nimekuwekea siti ya dirishani."

Niliteremka Nyarugusu kutafuta kile cha nne. Fundi mmoja Mkongo anayetengeneza redio pale sokoni akanisikiliza vizuri, akasema, "Mama, kile kintu kilipitaka hapa, sikujua kazi yake, nikamupa muntu." Muntu gani, hakumbuki. Kwa hiyo ubavuni mwa kompyuta yako kuna pengo, kama mimi nilivyo na pengo la jino huku kushoto. Lakini Wifi kasema sio neno, vile vidude vinahama, amekihamisha kimoja upande wa printa na mambo yanakwenda. Hata hilo ulikuwa umenieleza na sikusikiliza.

Kuiunga tuliiunga juzi mchana, mimi na Wifi, mlango tumefunga. Yeye alikuwa anakushikia tochi siku zote hizo, kumbe alikuwa anaangalia. Mimi nilishika bisibisi. Plasta zako nilizisoma moja moja, kwa kidole, kama mtoto wa chekechea. BETRI, WEKA YA PILI. RAMU, SUKUMA MPAKA ILIE. KIOO, POLEPOLE HAPA. Ulimwandikia nani, Eliasi? Wewe ulikuwa unajua yote. Nadhani ulimwandikia mtu aliyekuwa anasema kesho.

Tukasukuma mpaka ikalia tak. Tukafunga misumari mitano. Wifi akabonyeza. Kijitaa kikawaka pembeni, kioo kikabaki cheusi. Akabonyeza tena. Nikamwambia usibonyeze, ngoja. Tukangoja. Giza. Wifi akaweka kichwa mezani. Na mimi, Eliasi, sikusema kitu. Sijui dakika ngapi. Nilikaa nimeshika bisibisi yangu, natazama kioo cheusi na sura yangu humo, nikawa nafikiri, ningekaa kimya namna hii mara moja tu ulipokuwa hai, ungeniambia mangapi.

Halafu ikawaka. Gervas baadaye akatuambia kwa simu kwamba ikitolewa ramu na kurudishwa huwa inajipima kwanza, haitaki haraka. Zikatokea kazi zako zote, zimepangwa. Kadi ya harusi ambayo haikumalizika. Mkataba wa shamba wa mtu. Watu waliwahi kusema kwamba kazi zao zimepotea humo. Zipo zote.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye ile ya kwanza. Wifi, andika, usinitazame.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka jana, vumbi la Kibondo unalijua. Nilipita asubuhi na kikapu. Nikakuta umeitandaza kompyuta juu ya gazeti, tumbo wazi, vipande vimepangwa kama dagaa juani, na umeshika pampu ya baiskeli unapuliza vumbi. Ulikuwa unapiga mluzi. Mtu mwenye shida hapigi mluzi, lakini mluzi sikuusikia, niliona tumbo wazi. Kwa akili yangu mimi kitu kikipasuliwa kinaumwa. Redio ya baba ilifunguliwa mara moja tu na haikusema tena.

Nikafika sokoni nimebeba habari kuliko maharage. Sikuwa na ubaya. Nilitaka tu niwe nayo mimi wa kwanza. Nikasema, "Kompyuta ya mdogo wangu imekufa. Nimeiona kwa macho yangu, imechanwa kama kuku, na kazi za watu zote zilikuwa humo." Watu wakasogea. Nikaongeza chumvi. Wiki iliyofuata nikapita nikakuta umeifungua tena, siku hiyo ulikuwa unaweka ramu, nikarudi nikasema, "Ndio basi, haiponi ile, kila siku iko mezani."

Yule mwalimu mkuu aliyekuwa anakupa mitihani ya shule yake, akasikia, akahamisha. Wa kadi za harusi wakahamisha. Wakaja kuchukua karatasi zao huku wanakupa pole, na wewe hujui pole ya nini.

Halafu ukanijia mpaka sokoni. Ulisimama mbele ya meza yangu, ukaokota maharage mabovu ukawa unayatupa, kama ulivyokuwa unafanya. Ukaniuliza, "Dada, wewe unasikia mengi. Nani anasema kompyuta yangu mbovu?"

Na mimi nikakujibu, "Watu wa Kibondo wana maneno!"

Nilikutazama usoni nikasema hivyo. Ukatikisa kichwa. Ukasema, "Ukimjua, mwambie kitu kinachofunguka sio kibovu." Ukaniachia huo ujumbe nimpelekee huyo mtu. Mwaka mzima ninao. Nilikuwa ninao siku ya matanga nilipoiita mbuzi.

Sisemi hilo ndilo lililokuua. Mshipa ni mshipa. Lakini ulikonda, Eliasi. Ulikuwa unakaa hapa mlangoni unatazama barabara, na kompyuta nzima mgongoni kwako.

Hapa Wifi aliacha kuandika. Nayasema haya sasa ameshakaa tena. Aliinuka akaenda kusimama mlangoni, mgongo kwangu. Mwanamke huyu muda wote huo alikuwa anaamini wateja walikimbilia duka jipya la karibu na hospitali. Akawanunia wale watu wa duka, hawapi hata salamu, na hawana kosa. Mimi nilibaki na kompyuta, na kale kamstari kanakopepesa pale neno linapoishia, kananingoja.

Nikasema, wifi, nikukamulie maji ya limau? Kwa nini nilisema limau sijui.

Akarudi akakaa. Akaweka vidole. Akasema, "Rudia. Sikuyapata yote. Sema polepole."

Aliyapata yote, Eliasi. Mkeo vidole vyake havikosei. Lakini nikarudia, tangu pampu ya baiskeli mpaka kwenye maneno ya watu wa Kibondo. Nilipofika kwenye "watu wakasikia," akasema, "Wakasikia kwa nani?" Nikasema kwangu. Akasema, "Sema jina." Nikasema, Leokadia. Akaliandika. Nimeliona hapa kwenye kioo, linaanza na ile herufi kama jembe.

Halafu akasema, "Hii nitachapa mbili. Moja ya Eliasi. Nyingine nitabandika mlangoni."

Mlangoni, mdogo wangu. Hapa mbele, Kibondo nzima inapita, wa hospitali, wa ofisi za wilaya, wa sokoni. Miaka yote mimi ndiye niliyewatangaza wengine. Roho ilinishuka mpaka kwenye kandambili. Nikafungua mdomo nimwambie tupunguze, tutoe lile la kuku, tutoe jina. Nikaufunga.

Nikamwambia, bandika.

Kwa hiyo sasa nakuaga, maana Wifi amechoka na mteja wa pili yuko nje, kweli kabisa, kijana na karatasi zake, ananichungulia kama kuku anayesubiri nitoke kwenye kiota. Barua yako nitakuletea mwenyewe, nitaiweka pale kichwani kwako chini ya jiwe, na nitakaa dakika kumi. Nimekuahidi dakika kumi, na sitasema habari za mtu.

Na lile tangazo la mlangoni, wengi wanaopita hawajui kusoma, au wanajua kama ninavyojua mimi. Jumamosi siku ya soko sitapanga meza. Nitasimama hapa karibu na karatasi niwasomee, kwa kidole, neno kwa neno, jina langu likiwemo. Kisha nitaiomba kompyuta kwa Wifi, niifungue mbele yao misumari yote mitano, waione ndani, niwape ule ujumbe wako, niifunge, iwake. Ikichelewa kuwaka nitawaambia wangoje. Pengo la ubavuni nitalitafutia kidude chake hata kama kitakuja na soksi za mtu.

Lala, mdogo wangu. Maharage mabovu sasa naokota mwenyewe.

Ni mimi dada yako Leokadia, mwenye bisibisi.